Muthiga na koo linalouma: gome linatuliza nini, na linaishia wapi

Mwezi wa Julai, baridi ya asubuhi inaposhuka kutoka Menengai na kuingia hadi ndani ya matatu, Nakuru nzima hukohoa. Ukipita karibu na steji utawakuta kina mama wametandika magunia chini, na juu yake vifurushi vya mizizi, unga wa rangi ya ugoro ndani ya makopo, na vipande vya magome vilivyofungwa kwa kamba ya katani. Mwaka jana nilisimama mbele ya mmoja wao, koo likinichoma kwa siku ya 3, hata kumeza mate ilikuwa kazi.

"Mama, ya koo ni ipi?"

"Ni hii, mwanangu. Muthiga. Tafuna kidogo kidogo, usiwe na haraka ya kumeza. Maji yake ndiyo dawa."

Alinichagulia kipande cha urefu wa kidole, nje kina magamba ya kahawia, ndani chekundu hafifu. Nilikitia mdomoni papo hapo. Mwanzoni unatafuna kama ubao tu. Kisha uchungu unajitokeza, na nyuma ya uchungu unakuja moto, unaopanda polepole kutoka ncha ya ulimi hadi kooni, kama wa pilipili manga lakini mkaidi zaidi. Mate yanajaa kinywa. Baada ya dakika chache midomo inashika ganzi, na ukimeza, ile miiba ya kooni imelegea. Nilifika nyumbani nikiongea vizuri. Siku 2 baadaye nilikuwa mzima.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: kati ya kile kipande cha gome na kule kupona, ni nini hasa kilitokea? Nilidhani swali hili lina jibu moja. Lina majibu kama matatu, na yanapochanganywa ndipo watu wanapoumia.

Tuanze na mti wenyewe. Wakikuyu wanauita muthiga, Wakalenjin sokwet au soget, Wamasai osokonoi, na Waluo kule Nyanza sogo-maitha. Wataalamu wa mimea wanauita Warburgia ugandensis, kwa kumkumbuka Otto Warburg, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani. Ni mti wa misitu ya nyanda za juu, haupukutishi majani, na ukiachwa ukue hupita urefu wa mita 20. Kila jamii niliyoitaja hutafuna au kuchemsha gome lake kwa ajili ya jino linalouma, kikohozi, kifua, tumbo na koo. Nyanya yangu kule Subukia alikuwa na kipande chake ndani ya kopo la majani ya chai, nasi wajukuu tulijua kwamba ukilalamikia koo, kopo hilo litafunguliwa.

Wengi husema kwamba jamii nyingi namna hii haziwezi kukosea kwa pamoja. Hoja hiyo ina uzito, ila si mkubwa kama unavyodhaniwa. Majirani huazimana dawa kama wanavyoazimana chumvi. Mkikuyu wa Njoro na Mkalenjin wa Molo wameuziana magome sokoni kwa vizazi, kwa hiyo si mashahidi wawili waliokuja kila mmoja kwa njia yake. Isitoshe, walichokishuhudia wote ni kwamba mtu akitafuna hupata nafuu. Kama gome liliua ugonjwa, au lilimliwaza mgonjwa wakati mwili wake ukijiponya, macho peke yake hayawezi kutenganisha. Ushuhuda wao unatosha kutufanya tuuchunguze mti huu kwa makini. Na umechunguzwa.

Mwaka 1970 Profesa Thomas Odhiambo alianzisha jijini Nairobi kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE. Kati ya wanasayansi waliofanya kazi nacho katika miaka hiyo ya mwanzo alikuwa Koji Nakanishi, mwanakemia Mjapani, pamoja na mwenzake Isao Kubo. Walikuwa wakitafuta mimea ambayo wadudu hawaigusi. Walichukua vimiminika vilivyokamuliwa kutoka kwa miti ya Afrika Mashariki, wakavipaka kwenye vipande vya majani, kisha wakawaletea viwavijeshi, wale wale wanaoweza kumaliza shamba la mahindi kwa siku chache. Majani yaliyopakwa kimiminika cha miti ya jamii ya muthiga, viwavi waliyakataa. Mwaka 1976 na 1977 watafiti hao walitangaza kemikali zinazohusika: warburganali, na nyingine waliyoiita muzigadiali, jina ambalo ndani yake unausikia muthiga wenyewe. Ipo pia ya tatu, poligodiali. Hizi ndizo moto ule unaousikia ulimini. Mti unajilinda dhidi ya wadudu na kuvu, nasi tukautafuna ulinzi wake.

Kwa hiyo, kuhusu kama kuna kitu ndani ya gome, jibu ni ndiyo, bila kusitasita. Na kitu hicho hakiishii kwa viwavi. Kwenye maabara, kemikali za muthiga zimezuia kuvu aina ya Candida, wale wanaoleta utando mweupe mdomoni mwa watoto na wagonjwa. Vimiminika vyake vimezuia pia bakteria mbalimbali, wakiwemo wa jamii moja na wale wa kifua kikuu. Mtu akikuambia muthiga ni imani tu, anakosea.

Lakini sahani ya maabara, ile wanayooteshea bakteria, haifanani na koo, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka, kwa sababu ndipo matangazo mengi ya dawa za mitishamba yanapoteleza.

Kwanza, namna ya kukamua. Watafiti wengi huloweka unga wa gome ndani ya vimiminika vya maabara kama methanoli au dikloromethani, kwa kuwa kemikali hizi za muthiga hupenda mafuta kuliko maji. Nyanya yangu alikuwa na maji, sufuria na jiko la makaa. Maji ya gome yanayochemka jikoni si yale yaliyowekwa kwenye sahani ya maabara, hata kama yametoka kwa mti uleule. Kutafuna, kwa maana hiyo, huenda kukawa na maana zaidi kuliko kuchemsha, kwa sababu meno yanasaga gome na kuachilia kile ambacho maji peke yake yanakibakisha.

Pili, muda. Ndani ya sahani bakteria hukaa na dawa usiku kucha wakiogelea ndani yake. Kooni dawa hupita. Unatafuna, mate yanaichukua, unameza, na baada ya muda mfupi imo tumboni. Poligodiali na ndugu zake, kwa umbo lao, hushikana kwa urahisi na protini, na mate yamejaa protini, vivyo hivyo ngozi laini ya koo. Sehemu ya dawa inashikwa njiani kabla haijamfikia mdudu.

Tatu, mahali. Bakteria wa koo hawakai juu juu wakingoja kuoshwa. Wanajificha kwenye mikunjo ya mafindofindo na ndani ya tishu zilizovimba. Ili dawa iwafikie inabidi iingie kwenye damu na kuwafuata huko kwa kiasi cha kutosha. Penisilini hufanya hivyo. Gome linalotafunwa halijaonyeshwa kufanya hivyo.

Sasa turudi kwenye nafuu, maana nafuu niliipata kweli na sitaki mtu yeyote aidharau. Kitu kikali mdomoni huamsha mate, na mate hulilainisha koo lililokauka. Mishipa ya fahamu inayosikia moto wa gome ndiyo hiyo inayobeba maumivu, na ikishapigwa na moto huo kwa muda hulegea. Ganzi ya midomo ndiyo alama yake. Poligodiali hupatikana pia kwenye mti wa Drimys wa Amerika Kusini, ambao gome lake nalo ni dawa ya kienyeji huko, na watafiti wa Brazil wameonyesha kwamba kemikali hiyo hupunguza maumivu kwa panya. Kwa hiyo yule mama wa steji aliposema "maji yake ndiyo dawa", kwa upande wa maumivu alikuwa kwenye njia ya sawa: dawa iko kwenye kile kinachokaa mdomoni, wala si kwenye kile kinachomezwa upesi.

Bado kuna kule kupona kwangu siku ya 5. Hapo muthiga una mshindani mkubwa, na mshindani huyo ni siku zenyewe. Maumivu mengi ya koo huletwa na virusi, vilevile vya mafua ya kawaida. Madaktari walipokusanya tafiti zilizowalinganisha wagonjwa waliopewa antibiotiki na wale waliopewa vidonge vitupu, waliona kwamba ndani ya wiki 1 zaidi ya asilimia 80 ya wale wa vidonge vitupu walikuwa hawana tena maumivu. Antibiotiki, pamoja na sifa zake zote, zilipunguza muda wa kuugua kwa wastani wa saa 16 hivi. Mtu huanza kutafuta dawa maumivu yanapofika kileleni. Kuanzia hapo njia ni ya kuteremka. Chochote utakachokitia mdomoni siku hiyo, kiwe muthiga, tangawizi, ndimu au vidonge vya kemisti, kitapata sifa ya kesho yake.

Ndiyo maana sijui kusema "muthiga uliniponya". Naweza kusema ulinituliza, na siku zikafanya kazi yake.

Koo la nani, na la aina gani?

Kama habari ingeishia hapo, ningesema kila mtu atafune na asisumbuliwe. Haiishii hapo, kwa sababu kati ya makoo yote yanayouma kuna machache yenye hatari ambayo haionekani kooni kabisa.

Bakteria anayeitwa streptokoka wa kundi A ndiye chanzo cha maumivu ya koo kwa watoto 20 hadi 30 kati ya kila 100 wanaougua, na kwa watu wazima 5 hadi 15 kati ya 100. Koo lake nalo hupona lenyewe mara nyingi. Tatizo ni kinachofuata. Kinga ya mwili inapopambana na bakteria huyu, kwa watoto wengine huchanganyikiwa na kuanza kushambulia viungo vya mwili wenyewe: magoti, vifundo vya miguu, na vali za moyo, vile vilango vinavyopitisha damu. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki. Huja wiki 2 au 3 baada ya koo, wakati kila mtu ameshalisahau, na huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Magoti hupona. Vali ikishapata kovu haiponi tena kwa dawa. Kila shambulio jipya huongeza kovu juu ya kovu, hadi moyo unashindwa kusukuma damu inavyopaswa.

Nilisoma darasa moja na msichana aliyekuwa akikimbia kuliko wavulana wote hadi darasa la 5. Alipofika la 7 alikuwa akisimama mara 2 kupumzika kwenye kile kilima kidogo cha kuingia shuleni, mkono kifuani, nasi watoto tulidhani ni uvivu. Baadaye ndipo tulipoambiwa ni vali. Alianza kudungwa sindano ya penisilini kila mwezi, ile nzito inayoacha mguu ukiuma siku nzima, ili bakteria asirudi kulimalizia jambo. Mama yake alipoulizwa na madaktari hakukumbuka koo lolote la kutisha. Kwa wagonjwa wengi wa ugonjwa huu ndivyo ilivyo: koo lilikuwa dogo, likapata cha nyumbani, likanyamaza.

Neno "likanyamaza" ndilo ninaloliogopa. Gome linalotuliza maumivu linaweza kuyatuliza hata ya streptokoka, mtoto akacheka, akala, akarudi shule, na bakteria bado yumo. Na hapa kuna hesabu ambayo kila mzazi angepaswa kuijua kama anavyojua siku ya chanjo: penisilini ikianzwa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, bado inaweza kuzuia homa ya rumatiki. Siku 9 si chache. Zinatosha kumtazama mtoto, kumpa maji ya vuguvugu, kusubiri kidogo na kumpeleka zahanati. Lakini ukitafunisha gome wiki ya kwanza, ukabadilisha mizizi wiki ya pili, ukaenda hospitali wiki ya tatu kwa sababu magoti yamevimba, mlango umeshafungwa.

Jambo la kutia moyo ni kwamba bakteria huyu, pamoja na ukatili wake, hajajifunza kuishinda penisilini. Dawa hii ya bei nafuu bado inamweza.

Utalijuaje koo la kupelekwa? Mwaka 1981 daktari Robert Centor na wenzake huko Marekani walipanga dalili 4 ambazo madaktari wanazitumia hadi leo. Homa. Mafindofindo yaliyovimba au yenye usaha mweupe. Tezi za mbele ya shingo, chini ya taya, zilizovimba na kuuma zikiguswa. Na ya nne ni kitu kisichokuwepo: kikohozi. Mtoto mwenye makamasi, macho mekundu, sauti ya kukwaruza na kikohozi, kwa kawaida ana virusi. Mtoto aliyeanza ghafla, ana homa, anashindwa kumeza, shingo imevimba na hakohoi hata kidogo, huyo asikae nyumbani. Zana unayo tayari: mpeleke mlangoni penye mwanga au washa tochi ya simu, mwambie aseme "aaa", utazame. Hata hivyo jicho lina mpaka wake. Centor mwenyewe aliona kwamba kati ya wagonjwa wenye dalili zote 4, ni nusu tu au zaidi kidogo waliokuwa na streptokoka. Kijiti chenye pamba kinachopitishwa kooni na kupimwa ndicho hutoa jibu lenye uhakika zaidi, na palipo na kipimo hicho kiombe.

Kuna makoo mengine ambayo hayangoji siku 9 wala saa 9: mtoto anayedondosha mate kwa kuwa hawezi kuyameza, anayepumua kwa mlio, asiyeweza kufungua mdomo, au aliyevimba upande mmoja wa koo. Hapo ni hospitali mara moja, usiku au mchana.

Nikishasema hayo lazima niseme na upande wa pili, maana haki haina upande mmoja. Kemisti wengi mjini humu watakuuzia amoksisilini, antibiotiki ya jamii ya penisilini, kwa koo lolote, bila kukuangalia mdomoni, tena vidonge 6 kwa sababu ndivyo pesa zako zilivyofika. Hiyo ni mbaya pande zote mbili. Kama una virusi, umemeza dawa isiyokuhusu na kuwafundisha bakteria wengine wa mwilini kuizoea. Kama una streptokoka, vidonge 6 haviwezi kummaliza; dozi ya kawaida ni ya siku 10. Mtu mzima mwenye mafua na koo linalowasha, akitafuna muthiga badala ya kununua antibiotiki za nusu dozi, amefanya jambo la busara kuliko jirani yake wa kemisti. Hapo gome linaifaa afya ya umma, na madaktari wangelisema hilo kwa sauti zaidi wangesikilizwa zaidi na watu wanaotafuna.

Wala si kila cha mila ni cha kuwekwa kwenye kapu moja. Katika sehemu kadhaa za Afrika Mashariki kuna wanaotibu koo na kikohozi cha watoto kwa kukata kidakatonge, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, kwa wembe au chombo cha mwenye dawa. Watoto wametokwa na damu nyingi, wameoza majeraha, wengine wamepata pepopunda. Hilo halina cha kutetea. Gome linalotafunwa na kidakatonge kinachokatwa vyote vinaitwa "dawa ya kienyeji", lakini kimoja hulegeza maumivu na kingine kinaweza kuua mtoto, na mtu anayevitetea vyote kwa pumzi moja kwa sababu ni vya wazee anaukosea heshima muthiga.

Jaribio lingekuwaje

Hatua ambayo muthiga haujapanda ni ile ya wagonjwa wenye koo kugawanywa kwa bahati nasibu, nusu wapewe dawa, nusu wapewe kitu kinachofanana nayo, na wala daktari wala mgonjwa asijue nani kapata nini. Mmea wa Afrika umewahi kupanda ngazi hiyo. Kusini mwa bara kuna mmea unaoitwa Pelargonium sidoides, ambao mizizi yake ilitumiwa na Wazulu na Wasotho. Mwingereza mmoja, Charles Stevens, aliujua huko Afrika mwaka 1897 akiugua kifua, akaurudisha kwao. Baada ya miongo mingi ukawa dawa ya maji inayouzwa Ulaya, na mwaka 2003 yakachapishwa matokeo ya jaribio kwa watoto 143 wa miaka 6 hadi 10 waliokuwa na mafindofindo. Waliopewa dawa walipata nafuu mapema kuliko wenzao, kwa siku 2 hivi.

Kinachonivutia zaidi kwenye jaribio hilo ni mlango wake. Kabla mtoto hajaingizwa, alipimwa kwanza, na mwenye streptokoka wa kundi A hakuingizwa. Watafiti walikuwa tayari kuijaribu mizizi kwenye koo la virusi. Koo linaloweza kuharibu moyo hawakuthubutu kulichezea. Hiyo ndiyo desturi ningependa iingie kila nyumba yenye kopo la muthiga: tenganisha kwanza, tafuna baadaye.

Kwa muthiga kuna ugumu wa pekee. Dawa ya bandia ya kuulinganisha nayo lazima iwashe, la sivyo kila mgonjwa atajua amepewa nini kabla hajameza. Labda ingebidi watumie pilipili, na pilipili nayo hulegeza maumivu. Nimeliwaza hilo mara nyingi na nadhani linawezekana: usiulize kama muthiga unashinda kitu kitupu, uliza kama unashinda pilipili na asali, ambazo hazihitaji kuangusha mti.

Kwa hakika asali ina ushahidi wa binadamu kwa kikohozi cha watoto, na kwa mtoto aliyepita mwaka 1 ni salama. Aliye chini ya hapo asipewe kabisa, kwa sababu ya vijidudu vinavyoweza kumpooza. Na kule Kakamega, wakulima wanaoishi kando ya msitu walishirikiana na ICIPE kulima mwonyi, mmea wa jamii ya mrehani wenye harufu ya kafuri, wakaukamua mafuta na kutengeneza dawa ya kupaka ya mafua na maumivu ya misuli. Walilima shambani, hawakuvuna msituni.

Suala la kuvuna haliwezi kuachwa nje ya ushahidi. Gome la mti ndiyo njia ya chakula kutoka majani kwenda mizizini. Ukilibandua kuzunguka shina lote, mizizi inakufa njaa na mti unafuata, hata kama utaonekana wa kijani kwa miezi. Nimeiona miti ya namna hiyo njiani kuelekea Molo, shina limevuliwa kutoka usawa wa goti hadi kichwani, jeupe kama mfupa. Mbegu za muthiga nazo hazikai. Zikikauka hazioti, kwa hiyo huwezi kuziweka kwenye kopo ukazipanda mwaka kesho. Huko Afrika Kusini ndugu yake, Warburgia salutaris, amevuliwa magome hadi akawa haba, na watafiti huko wakapima majani wakakuta yana sehemu kubwa ya nguvu ileile ya gome. Jani huota tena.

Nyanya yangu hakuwahi kusoma utafiti huo, lakini alibandua upande mmoja tu wa mti, kipande chembamba cha wima, kisha akapaka kidonda udongo uliochanganywa na samadi. Mti huo bado upo. Una makovu marefu 3 upande wa machweo, na kila kovu limezibwa na gome jipya kutoka kingoni.

Mwezi wa Mei binti yangu wa miaka 8 aliamka na homa, hakohoi, tezi za shingo zimesimama kama kunde. Nilimulika kwa simu nikaona usaha. Siku hiyohiyo tulikwenda kituo cha afya, akapewa amoksisilini ya siku 10. Alipolia kwamba kumeza kunauma, nilichuma jani moja changa la muthiga kutoka mche wetu wa nyuma ya nyumba, nikatafuna nusu mimi, yeye nikampa asali na maji ya vuguvugu, kwa sababu kipimo cha muthiga kwa mtoto hakuna aliyekipima. Siku ya 4 alikuwa akiruka kamba. Siku ya 6 akauliza kwa nini anaendelea kumeza vidonge ilhali koo haliumi. Nikamkalisha, nikamchorea koo kwenye karatasi ya daftari, na ndani yake vijidudu 4 vilivyojificha nyuma ya findo. Kila asubuhi na jioni, akishameza, alichukua kalamu nyekundu akafuta sehemu ya mguu wa kimoja. Karatasi iko bado kwenye mlango wa jokofu, na siku ya 10 imezungushiwa duara.